Andiko la mradi wa haidrojeni safi kutoka Mtwara na Lindi: mwongozo kamili wa kulifikisha kwa wafadhili

Maandiko ya miradi ya haidrojeni safi (gesi inayotolewa kwenye maji kwa umeme wa jua au upepo) kutoka mikoa yetu miwili yanaanguka mahali palepale. Yanaanza na jua la kusini na bandari yenye kina kirefu, yanasifia nishati safi kurasa nne nzima, kisha yanaomba mamilioni ya dola. Msomaji wa upande wa pili anatafuta kitu kimoja kabla ya vyote: nani atanunua, kwa bei gani, kwa miaka mingapi. Asipokikuta, analiweka andiko pembeni na kuchukua jingine.

Mwongozo huu ni wa halmashauri, vyama vya ushirika, vyuo na kampuni za wazawa. Haufundishi kujenga kiwanda. Unakufikisha kwenye andiko dhana, yaani andiko fupi la wazo la mradi, lenye viambatisho ambalo benki ya maendeleo au mfuko wa tabianchi unaweza kulipeleka hatua inayofuata.

## Kusanya haya kwanza

- Eneo moja lenye ramani: kijiji, ukubwa kwa hekta na hadhi ya ardhi. "Wilaya ya Kilwa" si eneo.
- Takwimu za jua za eneo hilo. Kwa andiko dhana, ramani ya bure ya Global Solar Atlas ya Benki ya Dunia inatosha. Ukitaka upepo, utahitaji vipimo vya mlingoti mahali penyewe.
- Barua ya Bodi ya Maji ya Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini kuhusu chanzo unachokusudia.
- Jibu la maandishi la TANESCO kuhusu laini iliyo karibu na uwezo wake.
- Hesabu za taasisi yako zilizokaguliwa, za miaka mitatu.
- Mhandisi wa kemia, mwanasheria na mtu wa fedha. Mmoja akikosekana, itaonekana kwenye andiko.
- Mnunuzi mmoja aliye tayari kuweka sahihi. Huyu ndiye wa kutafutwa muda mrefu kuliko yote hapo juu.

## Hatua ya 1: Amua unauza nini hasa

"Tutauza haidrojeni" ni jibu lisilotosha. Gesi hii ni nyepesi mno. Ili iwe kimiminika lazima ipozwe hadi nyuzi 253 chini ya sifuri, na meli za kuibeba bado ziko kwenye majaribio. Ndiyo maana miradi mingi huiunganisha na naitrojeni ya hewani ikawa amonia, ambayo huwa kimiminika kwenye nyuzi 33 chini ya sifuri na ambayo meli zimeizoea kwa miaka mingi.

Amonia ndiyo malighafi kuu ya mbolea za naitrojeni, na hapo ndipo maandiko mengi yananaswa na mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni urea. Waandishi huahidi "urea ya kijani" wakisahau kwamba urea haitengenezwi kwa amonia peke yake, inataka pia kabonidayoksaidi, yaani hewa ya ukaa. Kiwanda cha gesi asilia hupata kabonidayoksaidi hiyo kwenye gesi yenyewe. Kiwanda cha jua na maji hakina. Ama ueleze utaitoa wapi, ama uuze amonia au mbolea nyingine isiyoihitaji.

Mtego wa pili ni korosho. Nimesoma zaidi ya andiko moja linalowataja wakulima wa korosho wa Tandahimba na Newala kuwa soko kuu la mbolea hiyo. Mkulima huyo anachohangaikia kila msimu ni salfa ya kupulizia dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga. Mtaalamu wa kilimo atakayepitia andiko lako anajua hilo, na akishalikuta kosa hilo hatakuamini kwenye hesabu nyingine. Soko la naitrojeni lililo karibu nasi ni mahindi ya Ruvuma na Nyanda za Juu Kusini, kupitia barabara ya Masasi hadi Songea.

Kuna wanaouliza kwa nini tusitumie gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay. Inawezekana, ila haidrojeni ya gesi asilia bila kunasa hewa ya ukaa hutoa kilo 9 hadi 10 za hewa hiyo kwa kila kilo moja ya haidrojeni. Ukichagua njia hiyo lazima uonyeshe hewa itanaswa vipi na kuhifadhiwa wapi, na mifuko mingi ya tabianchi haitakugusa. Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, kwa mfano, iliacha kufadhili miradi ya kawaida ya nishati ya kisukuku mwishoni mwa 2021. Usichanganye njia hizo mbili ndani ya andiko moja.

Dalili ya kufaulu: unaweza kutaja bidhaa, tani kwa mwaka na mahali pa kuikabidhi kwa sentensi moja.

## Hatua ya 2: Mpate mnunuzi kabla ya mfadhili

Benki haikopeshi jua. Inakopesha mapato yatakayorudisha deni, na mapato hayo yanatoka kwenye mkataba wa mauzo.

Karatasi za wanunuzi zina uzito tofauti. Ya chini kabisa ni barua ya nia: inasema mnunuzi anapendezwa. Inafuata hati ya makubaliano, ambayo kwa kawaida haimfungi mtu. Ya juu ni mkataba unaotaja kiasi, bei, muda na adhabu ya kuuvunja. Kwa andiko dhana, barua ya nia inakubalika mradi itaje kiasi na bei inayofikiriwa. Kwa mkopo, haikubaliki.

Namibia imeonyesha tofauti hiyo wazi. Mradi wa Hyphen karibu na Lüderitz, unaokadiriwa kugharimu dola bilioni 10, ulikuwa na hati ya makubaliano na kampuni ya Ujerumani ya RWE kuhusu tani 300,000 za amonia kwa mwaka. Mwaka 2025 RWE ilijiondoa. Haikuvunja mkataba wowote, kwa sababu hapakuwa na mkataba wa kuvunja.

Ukitaka soko la Ulaya, soma kwa makini utaratibu wa H2Global wa Ujerumani. Kampuni yake ya Hintco huendesha minada miwili. Wa kwanza hununua kwa mkataba mrefu kutoka kwa mzalishaji mwenye bei ya chini. Wa pili huuza kwa mikataba mifupi kwa anayetoa bei ya juu. Pengo la katikati hulipwa kwa fedha za umma. Ni kama chama kikuu cha ushirika kingekuhakikishia bei ya korosho kwa miaka kumi, kikaziuza mnadani kila msimu, na hasara ikabebwa na Serikali.

Matokeo ya mnada wake wa kwanza yalitangazwa Julai 2024. Iliyoshinda ni kampuni ya Fertiglobe, kwa amonia kutoka Misri: euro 1,000 kwa tani ikifikishwa Rotterdam, au euro 811 ukiondoa usafirishaji na gharama nyingine za njiani. Iandike namba hiyo juu ya meza yako. Kama amonia yako ya Mtwara inatoka euro 1,400 kabla haijapanda meli, bado huna biashara ya Ulaya, na ni heri uligundue wewe kuliko kuambiwa.

Kwa maoni yangu, mradi wa kwanza wa kusini usiende Ulaya. Upo mfano wa karibu zaidi: shamba la Morendat, Naivasha, nchini Kenya, la kampuni inayolima makadamia. Hapo Talus Renewables iliweka mtambo mdogo wa tani moja ya amonia kwa siku, ukiendeshwa na sola ya megawati 2.1. Mnunuzi ni shamba lenyewe. Hakuna meli wala bandari, na mbolea haikai barabarani wiki nzima ikipanda bei.

Onyo: halmashauri isijiandike kuwa mnunuzi ili kuziba pengo. Bajeti yake inaidhinishwa mwaka hadi mwaka, hivyo ahadi yake ya miaka kumi haina thamani mbele ya benki.

## Hatua ya 3: Piga hesabu ya umeme, maji na ardhi

Hesabu hii inaingia kwenye ukurasa mmoja, na ndiyo humtenganisha mwombaji anayejua na anayebahatisha. Chukua mtambo wa tani moja ya amonia kwa siku.

Tani hiyo inahitaji takriban kilo 180 za haidrojeni. Kila kilo hula kilowati-saa 50 hadi 55 kwenye elektrolaiza, mashine inayotenganisha maji kwa umeme. Ukiongeza umeme wa kutenga naitrojeni na kuunganisha amonia, jumla inakaribia kilowati-saa 10,000 kwa siku. Kilowati moja ya paneli ikikupa kilowati-saa 4.5 kwa siku, unahitaji megawati 2.2 hivi za sola. Linganisha na Morendat uone namba zinavyokaribiana.

Maji: kwa kanuni za kemia, kilo moja ya haidrojeni hutumia lita 9. Kiwandani utahitaji zaidi kwa sababu ya kusafisha na kupoza, basi panga lita 3,000 hadi 4,000 kwa siku kwa mtambo huu. Si mengi. Lakini ukiyachota kwenye uwanda wa Makonde, ambako mama anaamka alfajiri kutafuta ndoo, hata lita hizo zitakuletea mgogoro. Kaa pwani uondoe chumvi kwenye maji ya bahari: kazi hiyo hula kilowati-saa 3 hadi 4 kwa lita 1,000, kiasi kidogo sana ukilinganisha na umeme wa elektrolaiza.

Kisha geuza hesabu kuwa mazao. Mtambo ukifanya kazi siku 300 kwa mwaka, unapata tani 300 za amonia. Amonia ni naitrojeni kwa asilimia 82, urea ni asilimia 46. Maana yake ni naitrojeni sawa na mifuko zaidi ya 10,000 ya urea ya kilo 50. Sentensi hiyo inaeleweka kwa mkuu wa mkoa na kwa benki ya Frankfurt.

Sasa pima ndoto kubwa kwa kipimo hichohicho. Tani 100,000 kwa mwaka zinataka megawati 600 hivi za sola, hata mtambo ukifanya kazi kila siku ya mwaka. Bwawa la Julius Nyerere lote lina megawati 2,115. Ukiandika tani laki moja, msomaji atauliza megawati hizo zinajengwa na nani.

Dalili ya kufaulu: mhandisi asiyekujua anaipitia hesabu yako na kupata jibu linalokaribiana na lako.

## Hatua ya 4: Thibitisha usafi mapema

Haidrojeni haina rangi. Usafi wake uko kwenye makaratasi. Ukikusudia kuuza Umoja wa Ulaya, kanuni za mwaka 2023 zinadai mambo matatu kuhusu umeme: utoke kwenye mitambo mipya ya nishati jadidifu, uzalishwe katika eneo lilelile la gridi, na uoane kwa muda na matumizi ya elektrolaiza. Hadi mwisho wa 2029 ulinganifu huo hupimwa kwa mwezi. Kuanzia 2030 utapimwa kwa saa. Juu ya hayo, uzalishaji wa hewa ya ukaa upungue kwa asilimia 70 ukilinganishwa na mafuta ya kisukuku.

Hii ndiyo sababu kauli ya "tutachukua umeme wa gridi" inaua maandiko. Gridi yetu ina maji na ina gesi, na bila mkataba maalumu wa umeme jadidifu huwezi kuonyesha kuwa wako ulikuwa safi. Kwa mradi mdogo, sola yako mwenyewe inaondoa mjadala.

Vyeti hutolewa na mifumo inayotambuliwa na Ulaya, kama CertifHy, ISCC na REDcert. Huhitaji cheti kwenye andiko dhana. Taja tu mfumo utakaoutumia na mita zitakazorekodi data.

Onyo: usiuze usafi mara mbili. Ukipanga kuuza pia mkopo wa kaboni (si deni, ni hati ya hewa ya ukaa iliyopunguzwa), zisome kanuni za biashara ya kaboni za 2022 na uwasiliane na Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kilichoko SUA, Morogoro, kabla ya kumwahidi mnunuzi wa amonia kwamba sifa hiyo ni yake.

## Hatua ya 5: Malizana na kijiji na sheria

Hapa kusini hakuna anayehitaji kukumbushwa mvutano wa 2013 kuhusu bomba la gesi la kwenda Dar es Salaam. Wafadhili nao wanaukumbuka, na watauliza mwenyeji anapata nini. Jibu kwa namba: ajira ngapi za kudumu, ushuru wa huduma unaokwenda halmashauri, maji ya ziada yatakayofika kijijini. Mtambo mdogo hauajiri watu wengi, kwa hiyo usiahidi mamia.

Ardhi ya kijiji ina utaratibu wake katika sheria ya mwaka 1999. Ikihamishwa kuwa ardhi ya jumla, eneo lisilozidi hekta 250 linaamuliwa na mkutano mkuu wa kijiji. Likizidi, uamuzi ni wa Waziri. Muhtasari wa mkutano wenye majina na sahihi ni kiambatisho, na sahihi ya mwenyekiti peke yake haitoshi. Mbia wako akiwa raia wa kigeni, hamiliki ardhi moja kwa moja: anapitia mamlaka ya uwekezaji, ambayo tangu 2025 ni TISEZA.

Tathmini ya athari kwa mazingira inapitia NEMC, baraza la taifa la mazingira. Kwa mradi wa pwani yetu mambo mawili yatachunguzwa kuliko mengine. La kwanza ni maji yenye chumvi kali yanayobaki baada ya kusafisha. Ukiyamwaga karibu na Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, tegemea upinzani wa wavuvi na wahifadhi, na watakuwa na haki. La pili ni amonia yenyewe: ni sumu, inaunguza macho na mapafu. Onyesha umbali wa tangi na nyumba ya karibu, mwelekeo wa kusi na kaskazi, na nani atazima mtambo usiku.

Ongeza hatari ya hali ya hewa. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya Lindi na Dar es Salaam. Andika mtambo utahifadhi bidhaa siku ngapi barabara ikikatika.

## Hatua ya 6: Panga fedha kwa tabaka

Kosa la kawaida ni kuomba ruzuku ya mradi mzima. Hakuna anayetoa. Kila aina ya fedha ina kazi yake:

1. Ruzuku hulipia upembuzi yakinifu na maandalizi.
2. Hisa za wenye mradi hubeba hatari ya mwanzo.
3. Mkopo nafuu wa benki ya maendeleo hubeba ujenzi.
4. Dhamana huwalinda wakopeshaji dhidi ya hatari za kisiasa au mnunuzi kushindwa kulipa. Waombe MIGA ya Kundi la Benki ya Dunia, au ATIDI, shirika la Afrika la bima ya biashara na uwekezaji, ambalo Tanzania ni mwanachama wake.

Kwa nini mkopo uwe nafuu? Kopa dola milioni 10 kwa miaka 20. Kwa riba ya asilimia 5 unalipa kama dola 802,000 kila mwaka. Kwa asilimia 12 unalipa kama 1,339,000. Jua ni lilelile na mtambo ni uleule, lakini bei ya amonia imepanda kwa sababu ya riba tu. Weka ulinganisho huo kwenye andiko, kwa namba zako. Ndio unaoeleza kwa nini unaomba fedha ya umma badala ya benki ya biashara.

Kuna suala la sarafu ambalo wengi hawaligusi kabisa. Mkopo utakuwa wa dola au euro. Ukiuza ndani ya nchi utalipwa shilingi, maana kanuni za Machi 2025 zimekataza kutoza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Shilingi ikishuka, deni linapanda. Omba sehemu ya mkopo kwa shilingi, au weka gharama ya kinga ya sarafu kupitia taasisi kama TCX ya Amsterdam.

Dalili ya kufaulu: jedwali moja linaonyesha kila dola inatoka wapi, inalipia nini, na inarudi lini.

## Hatua ya 7: Pita kwenye mlango wa Serikali

Fedha nyingi za kimataifa za haidrojeni haziendi kwa kampuni moja kwa moja. Chile ilipata dola milioni 150 kutoka Benki ya Dunia mwaka 2023, na fedha hizo zilipitia taasisi ya serikali, CORFO. Kenya ilizindua mkakati wake wa haidrojeni Septemba 2023 pamoja na Umoja wa Ulaya, ruzuku ikaambatana nao. Mfuko wa KfW, benki ya maendeleo ya Ujerumani, kwa bidhaa za haidrojeni una orodha ya nchi. Angalia kama jina la Tanzania limo kabla hujaandika hata mstari mmoja.

Kwa Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, GCF, wenye makao Songdo, Korea Kusini, mlango ni wa namna mbili. Lazima upite kwenye taasisi yenye ithibati: nyumbani, CRDB iliipata mwaka 2019. Na lazima upate barua ya kutokuwa na pingamizi kutoka Ofisi ya Makamu wa Rais. Usilipeleke andiko Songdo kwanza ukategemea barua itafuata.

Njia yao ya mkato, ya maombi yasiyozidi dola milioni 25, inawavutia wengi. Ni ya miradi yenye athari ndogo sana kwa mazingira na jamii, na tangi la amonia si la kundi hilo. Omba badala yake fedha zao za maandalizi ya mradi, ambazo hufika dola milioni 1.5, ulipie upembuzi yakinifu.

Unganisha andiko na ahadi ya nchi ya mwaka 2021 ya kupunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 ifikapo 2030. Aya moja inatosha.

## Hatua ya 8: Andika, tuma, fuatilia

Mpangilio uwe huu: bidhaa na mnunuzi, hesabu ya kiufundi, eneo na ruhusa, fedha, hatari, kisha faida kwa jamii. Habari za tabianchi duniani zisizidi nusu ukurasa, maana anayekusoma anazijua kuliko wewe. Viambatisho viwe na namba, na kila dai kubwa lielekeze kwenye kiambatisho chake.

Ukishatuma, teua mtu mmoja wa kujibu barua pepe. Maswali yatakuja, mara nyingi yakiwa kuhusu mnunuzi na bei. Jibu kwa hati, si kwa maelezo. Mnunuzi akibadili kiasi au akijitoa, mwambie mfadhili siku hiyohiyo na upeleke hesabu mpya ya hatua ya 3, kwa sababu tani zikipungua, megawati, lita, hekta na marejesho ya mkopo vyote vinabadilika pamoja nazo.